Kito cha kazi ya mkono ni kipi hasa?

Kwa kifupi, kito cha kazi ya mkono ni kile ambacho sonara mwenyewe ndo kaamua umbo lake, unene wake na mng'ao wake hatua kwa hatua, na angeweza kubadili mawazo muda wowote mpaka dakika ya mwisho. Siyo swala la kutumia mashine au kutotumia. Sonara anaweza kuwa na moto wa gesi, drili, mota ya kung'arishia na bado kazi ikawa ya mkono kabisa, kwasababu hizo mashine anaziongoza yeye, hakuna hata moja inayoamua kitu kwa niaba yake.

Marekani tume yao ya biashara, FTC, ina mwongozo kwa wauzaji wa vito na humo wameliweka hili vizuri: kuita kitu kazi ya mkono ni udanganyifu kama siyo uumbaji wote kuanzia malighafi mpaka umaliziaji na mapambo uliofanywa kwa mikono, kwa njia zinazomruhusu mtengenezaji kubadilisha kila sehemu ya kila kipande. Malighafi wanamaanisha bamba, waya na vitu kama hivyo, siyo vipande ambavyo kiwanda kimeshavikata na kuvipa umbo. Kwahiyo mtu akinunua shanga, kulabu na pendanti (kile kipande kinachoning'inia kwenye mkufu) zilizo tayari akaziunganisha kwa koleo, kafanya kazi nzuri tu ya kupanga na kuunga, ila kwa kipimo hicho hajatengeneza kito kwa mkono.

Chukua pete ya fedha ya kawaida. Fedha tupu ni laini mno kuvaliwa kila siku, ndo maana masonara wengi wanatumia ile ya 925, yani sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha na zilizobaki mara nyingi ni shaba. Anakata kipande cha bamba kwa msumeno mwembamba, anakipasha moto kwenye mwanga hafifu ili aone rangi vizuri, ikifika wekundu wa kufifia anaondoa moto kwasababu akizidisha kidogo tu fedha inaanza kuyeyuka mbele ya macho yake. Moto huo ndo unailainisha. Alafu anaipinda na kuigonga, na kadri anavyogonga inazidi kuwa ngumu, akiendelea bila kuirudisha kwenye moto mwishowe inapasuka. Kwahiyo ni kupokezana, nyundo, moto, nyundo tena, na hakuna saa ya kumwambia sasa imetosha, mkono wenyewe unahisi nyundo inavyorudi na sikio linasikia mlio umebadilika.

Kuifunga sasa kunataka lehemu, ambayo ni fedha hiyohiyo iliyochanganywa na metali zingine kama shaba na zinki ili iyeyuke mapema kuliko pete. Miisho miwili lazima igusane kabisa, lehemu haipendi kuziba pengo, inapita pale palipobanana, na inakimbilia penye joto zaidi, kwahiyo sonara anayejua kazi haichomi lehemu yenyewe, anapasha pete nzima na kuivuta lehemu kwa moto kuelekea anapotaka yeye. Kito kikiwa na viungo vingi anaanza na lehemu inayoyeyuka kwenye joto la juu, kiungo kinachofuata anatumia ya joto la chini kidogo, hivyohivyo anashuka, ili cha kwanza kisifunguke wakati anafunga cha mwisho. Mpango wote huo anao kichwani kabla hajawasha moto. Kwangu mimi ubunifu wa sonara unaanzia hapa kabisa, mchoro kwenye karatasi ni mwanzo tu, maana kuna maumbo yanachorwa vizuri ila hayana njia ya kufikiwa na moto, na kuna mengine yanazaliwa kwasababu tu mtu kakataa njia ya kawaida.

Mfano mzuri ni Alexander Calder, yule Mmarekani wa sanamu zinazoning'inia na kuzunguka na hewa. Alitengeneza vito kama 1800 hivi na vingi aligawa zawadi. Lehemu alikuwa anaikwepa, anagonga waya mpaka unalala, anauzungusha, anaufunga kwa waya mwingine au anatia ribiti, yani kipini cha metali kinachogongwa ncha ili kibane vipande. Sasa ukiangalia vito vyake ile mizunguko na mafundo ndo pambo lenyewe, kile ambacho sonara mwingine angekificha nyuma yeye kakiweka mbele. Na kuna Otto Künzli wa Uswisi, mwaka 1980 alitoa bangili ya mpira mweusi ambayo ndani yake kuna gololi ya dhahabu, wewe huoni dhahabu, unaona uvimbe tu, inabidi uamini kwamba ipo. Masonara wa kisasa wa aina hii wanakitumia kito kuuliza swali, hapo ni kwamba tunavaa dhahabu kwa ajili yetu au kwa ajili ya macho ya watu, na malighafi inachaguliwa kufuatana na swali, iwe mpira, karatasi, plastiki au dhahabu.

Panapoleta ubishi ni vito vya kumimina. Sonara anachonga umbo kwenye nta, analizungushia plasta maalum, anachoma nta inatoka yote, alafu anamimina metali kwenye ule uwazi uliobaki. Kama kachonga mwenyewe na kamimina mara moja, mimi sina shida nacho kabisa. Ila akichukua kalibu ya mpira kutoka kwenye ile pete ya kwanza akatoa nakala mia mbili za nta, hizo mia mbili ni toleo, yani nakala nyingi za kito kimoja, hata kama kila moja kaisugua msasa mwenyewe, na aseme hivyo kwa mteja. Hakuna aibu kuuza toleo.

Kitu kingine kinachoniuma ni hii imani kwamba kasoro ndo ushahidi. Alama za nyundo zinaweza kuchongwa kwenye kompyuta na kutolewa na printa ya 3D zikafanana zote, wakati sonara mzuri anaweza kukupa pete laini isiyo na alama hata moja kwa tupa na msasa tu. Ukitaka kujua, geuza kito. Angalia nyuma ya bruchi, yani kito cha kubana kwenye nguo kwa pini, ndani ya pete, pale pini inapoungana na mwili, uone kama kuna mtu alikaa akapafikiria hapo au pameachwa tu.

Na uliza swali moja la moja kwa moja, sehemu zipi umenunua zikiwa tayari? Mikufu mara nyingi hununuliwa, maana kutengeneza mkufu kwa mkono ni kufunga pingili mojamoja kwa lehemu, kazi ya siku nyingi ambayo bei yake wateja wachache wataikubali. Akikujibu bila kusita kwamba mkufu kanunua, kulabu kanunua, ila pendanti yote ni yake kuanzia bamba, huyo mnunulie.