Je, wajua jinsi nuru ilivyotolewa gizani katika mchongo wa Karamu ya Belshaza?

Mwaka 1826 mchoraji Mwingereza John Martin alichapisha mchongo wa tukio la kitabu cha Danieli katika Biblia, mlango wa 5, pale Mfalme Belshaza wa Babeli, akiwa karamuni na wakuu wake 1,000, alipoona vidole vya mwanadamu vikiandika ukutani. Aitazamaye picha hiyo hustaajabu, kwa kuwa imechapwa kwa wino mweusi tu, na bado maandishi yale yanawaka kana kwamba kuna moto nyuma ya karatasi.

Siri imo katika ufundi uitwao mezotinti. Fundi huchukua bamba la madini na chombo chenye ukingo wa mviringo uliojaa meno madogo, akakipembeza juu ya bamba huku na huko, pande zote, kwa saa nyingi za subira, mpaka uso mzima uparuze kama msasa. Bamba hilo likipakwa wino na kuchapwa wakati huo, hutoa weusi mtupu, mzito, laini kama mahameli. Kuchora kwenyewe ndiko huanza hapo, na ni kuchora kwa kuondoa: panapotakiwa nuru, fundi hukwangua na kusugua, kwani palipolainika hapashiki wino. Akikwangua kidogo hupata kijivu. Akisugua mpaka pateleze kama kioo, hupata weupe wa karatasi yenyewe. Tena hufanya yote hayo kinyume, maana kulia kwa bamba huwa kushoto kwa picha.

Martin alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutumia feleji badala ya shaba. Shaba ni laini, na mparuzo wake husagika baada ya nakala chache, ilhali feleji hustahimili nakala nyingi zaidi. Tukio hilohilo alikuwa amelichora kwa rangi mwaka 1820, na picha ilipoonyeshwa London mwaka uliofuata ilibidi izungushiwe uzio kwa sababu ya umati. Kwa mchongo, hata asiyefika London aliweza kuitundika nyumbani kwake.

Mimi jicho langu hukimbilia kwa Danieli, nabii aliyeitwa kuyasoma maandishi yale. Katikati ya watu wanaoanguka na kujikinga nyuso, yeye amesimama wima, vazi lake jeusi. Maandishi yaliyo mbele yake yalikwanguliwa mpaka yakang'aa; vazi lile limebakizwa karibu na weusi wa kwanza wa bamba.