Kuzuia watu kujiua kuwe na kasma yake, yaani fungu lake la fedha, katika bajeti ya halmashauri

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na karibu robo tatu yao ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Pamoja na hayo, serikali nyingi hutenga kwa afya ya akili takribani asilimia 2 tu ya bajeti ya afya, na sehemu kubwa ya fedha hizo huishia hospitalini.

Hospitali zinahitajika, na mkoani Tanga tunayo Bombo, tunayo pia Lutindi kule Korogwe, ambako wagonjwa wa akili wamekuwa wakitunzwa tangu enzi za Wajerumani. Lakini mvuvi wa Tongoni aliyeelemewa na mikopo ya kausha damu, yenye riba kubwa, haanzii Bombo. Wanaotangulia kuona kwamba amebadilika ni mkewe, mabaharia wenzake, imamu anayemkosa msikitini na mwenyekiti wa kitongoji. Hao ndio wa kufundishwa, na mafunzo yao yana gharama.

Kwa maoni yangu, fedha chache zilizopo hutumika vibaya pale zinapoishia kwenye semina ya siku moja, yenye ukumbi, chai, nauli, posho na vyeti, kisha asirudi mtu kuuliza yaliyofuata. Mshiriki hutoka ukumbini akizijua dalili zote, lakini akikaa barazani na jirani yake maneno humkwama, akaishia kuuliza habari za watoto. Kwa hiyo washiriki wafanyishwe mazoezi wawili wawili, tena na tena, mpaka swali litoke bila kusita: “Kaka, naona umejitenga, na juzi umegawa nyavu zako. Je, unawaza kujiua?” Baada ya swali wafundishwe kunyamaza na kusikiliza, bila kukemea wala kutoa mawaidha. Wengi huogopa kwamba kuuliza hivyo kutamtia mtu wazo hilo. Tafiti zinaonyesha kuwa sivyo, na mara nyingi anayeulizwa kwa upole hupata nafuu.

Stadi hiyo hufifia isipofuatiliwa. Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri unapaswa kuwa na kasma ya usimamizi shirikishi wa kila robo mwaka, yaani kuwatembelea na kuwaelekeza waliofunzwa, vocha za simu, na nauli ya bodaboda kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayemtembelea mtu aliyeruhusiwa hospitalini baada ya kujaribu kujiua, kwa kuwa majuma ya mwanzo nyumbani ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Fedha za wafadhili zinasaidia, ila mradi una mwisho wake, na mgonjwa hawezi kuachwa kwa sababu mradi umefungwa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mipango huandaliwa miezi mingi kabla, hivyo hoja hii ifikishwe mapema kwenye mkutano mkuu wa kijiji, Kamati ya Maendeleo ya Kata na kwa diwani.

Mafunzo yawafikie pia askari na watumishi wa zahanati. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na familia nyingi huficha tukio kwa hofu ya polisi, hali ambayo humnyima mgonjwa matibabu. Kwa wakulima wa mboga wa Lushoto, masanduku ya kufuli ya kuhifadhia viuatilifu pekee hayajathibitishwa kupunguza vifo; chenye maana zaidi ni kuviondoa sokoni vile vyenye sumu kali: Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vyenye sumu kali zaidi, vifo vya kujiua vilipungua kwa zaidi ya asilimia 70.

Aliye hatarini leo asisubiri bajeti. Asiachwe peke yake, vitu vya hatari viondolewe karibu naye, na afikishwe kituo cha afya kilicho jirani hata kama ni usiku. Kwa mtoto, simu namba 116 hupigwa bila malipo.