Tofauti za jeni za kinga: kwa nini bakteria wale wale humlaza mmoja na kumwacha mwingine

Bakteria aitwaye nimokoka hukaa puani na kooni mwa watoto wengi bila kuwadhuru. Kwa wachache, huyo huyo hushuka mapafuni, au huingia kwenye damu na kufika kwenye utando wa ubongo, na mtoto akawa mahututi kwa muda mfupi. Lishe, umri na maradhi mengine vina mchango wake. Lakini ipo sababu nyingine isiyoonekana kwa macho: jeni za kinga alizorithi mtoto huyo kwa wazazi wake.

Jeni hubeba maelekezo ya kutengeneza protini, na kinga ya mwili ni kazi ya protini nyingi: za kumtambua adui, za kupeleka taarifa, za kuua. Maelekezo yakitofautiana hata kwa herufi moja, protini inaweza kutoka dhaifu au isitoke kabisa. Tofauti nyingi za namna hii hazina madhara yoyote. Chache hubadilisha sana jinsi mwili unavyopambana na bakteria wa aina fulani.

Nasisitiza "aina fulani" kwa sababu ukisema kinga ya mtu ni dhaifu, wengi hudhani ataugua kila kitu. Udhaifu wa kurithi mara nyingi huhusu vimelea wachache tu.

Chukua kundi la protini za damu liitwalo komplimenti. Zile za mwisho, C5 hadi C9, hujikusanya juu ya utando wa bakteria. C9 hujipanga nyingi kwa duara na kutoboa tundu, maji huingia, bakteria anapasuka. Aliyerithi nakala mbovu za jeni ya C6 kwa baba na kwa mama hawezi kukamilisha tundu hilo. Hata hivyo nimokoka hamsumbui kupita kawaida, kwani ana ukuta mnene ambao tundu hilo haliupenyi. Huyo huuawa kwa kumezwa na chembe nyeupe za damu. Hatari ya mtu mwenye kasoro hiyo ni meningokoka, mmoja wa bakteria wanaoleta homa ya uti wa mgongo. Uwezekano wa kuugua kwa bakteria huyo hupanda mara 1,000 au zaidi. Anaweza kupona, kisha akaugua tena miaka kadhaa baadaye. Mgonjwa wa namna hiyo hapaswi kuruhusiwa kwenda nyumbani bila mtu kufikiria kumpima komplimenti.

Mfano unaoniumiza zaidi ni wa protini mbili, MyD88 na IRAK4, zinazopeleka ndani ya seli habari kwamba bakteria ameonekana. Upungufu wa IRAK4 ulielezwa mwaka 2003, wa MyD88 mwaka 2008. Watoto wenye kasoro hizo hushambuliwa vikali na nimokoka na stafilokoka, ilhali virusi vingi hawapati tabu navyo. Na kwa kuwa habari haifiki, homa inaweza kuchelewa au kuwa ndogo wakati maambukizi yameshatapakaa. Mzazi anamgusa mtoto, haoni joto kali, anapata matumaini. Wakivuka utoto, mashambulizi hupungua sana.

Kwa wengine kasoro iko kwenye interferoni gama, kichocheo ambacho seli huhitaji ili imuue bakteria wa jamii ya kifua kikuu iliyemmeza. Wakikosa kipokezi chake, hata bakteria aliyedhoofishwa wa chanjo ya BCG anaweza kuenea mwilini.

Hizo ni kasoro adimu. Zipo pia tofauti zilizoenea zaidi, kama moja ya jeni ya TYK2: aliyerithi nakala mbili za tofauti hiyo ana hatari kubwa zaidi ya kuugua kifua kikuu, ingawa wengi wao hawataugua kamwe. Uzito wa urithi ulionekana wazi katika utafiti wa Denmaki uliochapishwa mwaka 1988 kuhusu watu waliolelewa na wazazi wasio wa damu. Mzazi wa damu akiwa amekufa kwa maambukizi kabla ya miaka 50, hatari ya mtoto kufa kwa maambukizi ilikuwa takriban mara 5.8. Kifo cha namna hiyo cha mzazi mlezi hakikuwa na athari kama hiyo.

Kuijua kasoro hubadilisha matibabu. Mwenye upungufu wa komplimenti huchanjwa dhidi ya meningokoka, mwenye upungufu wa IRAK4 hupewa antibiotiki za kujikinga, na baadhi ya kasoro nyingine hutibiwa kwa kupandikizwa uboho. Ndugu wa tumbo moja nao wapimwe. Ikiwa baba na mama kila mmoja ana nakala moja mbovu, kila mtoto wao ana uwezekano wa asilimia 25 wa kurithi zote mbili, na anayeonekana mzima leo anaweza kuchanjwa kabla hajaugua hata mara moja.