Unga wa "Seli Shina" Hautibu Saratani: Maswali na Majibu

Katika kliniki ya saratani ninakofanya kazi ya uuguzi, karibu kila wiki hufika mgonjwa mwenye pakiti ndogo zinazong'aa ndani ya mkoba wake. Zimeandikwa kwamba zina seli shina, na muuzaji, ambaye mara nyingi ni ndugu au muumini mwenzake, amemhakikishia kwamba akizinywa miezi mitatu uvimbe utayeyuka. Miezi hiyo mitatu ikipita ndipo anapofika kwetu. Maswali yafuatayo ni yale wanayoniuliza wagonjwa na jamaa zao, nami nimeyajibu kwa maandishi kwa sababu dirishani muda hautoshi.

Seli za mwili hufaje?

Kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kifo cha ajali: mtu ameungua kwa uji wa moto au kidole kimekosa damu, seli zinapasuka, na mahali pale panavimba na kuuma. Ya pili ni kifo cha mpango, ambacho watafiti John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walikipa jina la apoptosisi mwaka 1972. Katika kifo hiki, seli iliyochakaa au iliyoharibika hujikunyata, hujigawa vipande vidogo, na vipande hivyo humezwa na seli nyingine bila uvimbe wala maumivu. Vidole vyako vimetengana kwa sababu seli zilizokuwa zikiviunganisha zilikufa kwa mpango huo ulipokuwa bado tumboni mwa mama yako. Kifo cha namna hii ni sehemu ya afya, na balaa huanza pale seli zinapokikataa.

Seli shina ni zipi?

Ni seli mama ambazo hujigawa ili kujihifadhi zenyewe na pia kuzaa seli za kazi zinazojaza mapengo ya zile zilizokufa. Zimo katika uloto ndani ya mifupa, katika tabaka la chini la ngozi, kwenye mizizi ya nywele na ndani ya utumbo. Ni kwa kazi yao kwamba utando wa ndani wa utumbo hubadilishwa kila baada ya siku chache, tabaka la juu la ngozi kwa muda wa takriban mwezi mmoja, na chembe nyekundu za damu, ambazo huishi siku zipatazo 120, hupata warithi.

Saratani inaingilia wapi?

Inaingilia palepale kwenye mizani ya kuzaliwa na kufa kwa seli. Nitatumia mfano wa saratani ya mlango wa kizazi kwa sababu ndiyo inayojaza mabenchi yetu. Ndani ya seli kuna protini iitwayo p53, ambayo kazi yake ni kusimamisha seli yenye hitilafu na, hitilafu isiporekebishika, kuiamuru ife. Virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, hasa aina ya 16 na 18, ambazo peke yake husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii, hutengeneza protini iitwayo E6 inayosababisha p53 kuharibiwa. Mlinzi akishaondolewa, seli iliyostahili kufa haifi, inazaa nyingine zilizo kama yenyewe, na hizo nazo hazifi.

Jambo hili halitokei kwa siku moja. Kwa mwanamke mwenye kinga imara huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20, na kwa mwenye kinga dhaifu, kama vile anayeishi na VVU bila kutumia dawa, miaka 5 hadi 10. Katika muda wote huo, kupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi na kuutazama kunaweza kuonyesha mabadiliko kabla hayajawa saratani, yakatibiwa kwa kugandishwa au kuunguzwa, na mama akarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Je, unga wa seli shina unatibu saratani?

Hapana.

Muuzaji amenionyesha video ya watu waliopona.

Hapana, hautibu. Seli hai za binadamu zinazotunzwa kwa ajili ya matibabu huhifadhiwa katika naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Haziwezi kuwa hai ndani ya pakiti kavu iliyozunguka na daladala kutoka Kariakoo hadi Mbagala. Hata kama zingekuwa hai, asidi ya tumboni ingeziua, na vimeng'enya vya utumbo vingezisaga kama vinavyosaga nyama ya mchuzi. Pakiti nyingi, ukisoma maandishi madogo, zinataja seli za tufaha au zabibu. Seli ya tufaha ikifika tumboni huwa chakula, kama tufaha lenyewe, ambalo sokoni lina bei nafuu zaidi.

Naomba pia msomaji alitafakari dai lenyewe. Mgonjwa wa saratani ana seli zinazokataa kufa na zinazoongezeka bila kipimo. Anayemletea dawa ya "kuamsha seli zizaliane upya" anampa nini hasa? Kama unga huo ungekuwa na nguvu unazosifiwa, mtu wa mwisho kuunywa angepaswa kuwa mgonjwa wa saratani. Bahati ni kwamba hauna nguvu hizo. Madhara yake makubwa ni muda unaokula.

Lakini jirani yangu aliunywa na akapata nafuu.

Hapana, hakupona. Maumivu ya saratani huja na kupoa, na mtu aliyepewa matumaini hula na kulala vizuri zaidi kwa wiki kadhaa. Nafuu hiyo ni ya kweli kwake, ila uvimbe hauna habari nayo. Saratani ya mlango wa kizazi iliyogunduliwa mapema huweza kuondolewa kwa upasuaji na mgonjwa akapona kabisa. Ikishafunga mirija ya mkojo na kuharibu figo, mara nyingi tunachoweza kutoa ni mionzi ya kupunguza damu na dawa za maumivu. Kati ya hali hizo mbili, kwa wagonjwa wengi ninaowapokea, pamekaa maboksi ya unga.

Basi niutumie tu huku nikisubiri majibu ya kipimo?

Hapana. Anayesema "nasubiri" hukosa tarehe ya kwanza kwa sababu fedha ya nauli imenunua boksi, kisha hukosa ya pili kwa sababu anajisikia vizuri. Ukitokwa na damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, ukipapasa uvimbe kwenye titi, ukiwa na kidonda au kovu la moto linalochimbika na halifungi, nenda ukapimwe wiki hii. Na kukatwa kipande kidogo cha nyama kwa ajili ya maabara "hakuchokozi" saratani. Kinyama hicho ndicho kinachotuambia ni saratani gani na itibiwe vipi.

Ina maana tiba ya seli shina haipo kabisa?

Ipo, na haiuzwi mlangoni. Upandikizaji wa uloto, ambao E. Donnall Thomas wa Marekani alipewa Tuzo ya Nobel kwa ajili yake mwaka 1990, ni tiba ya seli shina. Hapa Tanzania umeanza kufanyika Muhimbili na katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ukiwemo wa watoto wenye selimundu. Mgonjwa anayepokea uloto wa mtu mwingine hutafutiwa kwanza anayelingana naye, mara nyingi ndugu wa tumbo moja, kisha hupewa dawa kali za kuondoa uloto wake na kulazwa mahali pa kumkinga na maambukizi kwa wiki kadhaa. Watafiti wanaendelea pia na mengine: mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha kwamba seli ya kawaida ya panya inaweza kurudishwa katika hali ya seli shina, na kutokana na kazi hiyo yanafanyika majaribio ya kukarabati macho na moyo. Majaribio hayo yana usimamizi, na kuna sababu. Mwaka 2015 huko Florida, Marekani, wanawake watatu walipoteza uwezo wa kuona baada ya kliniki moja kuwachoma machoni seli zilizotolewa kwenye mafuta ya miili yao.

Dripu za dawa za saratani zimeninyonyoa nywele na mdomo una vidonda. Nimeamua kuziacha.

Tafadhali usiziache. Dawa za saratani huharibu seli zinazojigawa kwa haraka na kuzisukuma kwenye kile kifo cha mpango zilichokikwepa. Mizizi ya nywele, utando wa mdomo na uloto nao hujigawa kwa haraka, hivyo huumia. Lakini seli shina zao hubaki, na kwa kawaida nywele huota tena. Uvimbe nao una tabia hiyo hiyo. Katika baadhi ya saratani zimeonekana seli chache zenye sifa za seli shina, ambazo hujificha na zinaweza kuuanzisha ugonjwa upya. Anayeishia dripu ya tatu kati ya sita kwa sababu uvimbe umesinyaa anaziachia hizo.

Joto la mwili likifika nyuzi 38 ukiwa katika kipindi cha kupewa dripu, njoo hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa usiku. Usinywe panadoli ukalala. Chembe zako za kinga zinaweza kuwa chini, na maambukizi ya usiku mmoja yanaweza kuua.

Nimekunywa unga huo miezi minne na ninaona aibu kuwaambia.

Njoo nao. Weka pakiti mezani pamoja na dawa nyingine zote unazotumia, mizizi na vidonge, kwa sababu baadhi ya vitu huvuruga dawa tutakazokupa na daktari hawezi kuepuka asichokijua. Nakiri kwamba wapo wagonjwa ambao zamani niliwasema kwa ukali juu ya jambo hili, na mmoja wao hakurudi tena. Siku hizi nauliza kitu kimoja tu, yaani tarehe uliyoona dalili ya kwanza, kisha nakuandikia kipimo.