“Speed” ilipokuwa na maana ya baraka

Katika madarasa ya tafsiri ninayofundisha hapa Nairobi, methali ya Kiingereza “more haste, less speed” huzua mjadala kila mara. Wanafunzi huona inajipinga: mtu akizidisha haraka, kasi itapunguaje? Wengine huitetea kwa kusema mwenye pupa hukosea, akarudia kazi, mwisho akachelewa. Si maelezo mabaya, na hata Waingereza wengi wa leo huielewa hivyo. Lakini methali haikuanzia hapo.

Katika Kiingereza cha kale, “speed” ilikuwa fanaka. Kitenzi chake kilimaanisha kufanikiwa, kustawi, kujaliwa. Maana ya kasi ilichipuka pembeni, ikakua hadi ikaifunika ile ya kwanza. John Heywood aliitia methali hii katika mkusanyiko wake wa mwaka 1546, na hata kabla yake watu walikuwa wakiisema. Msikilizaji wa enzi hizo aliielewa hivi: kadiri unavyoharakisha, ndivyo unavyopungukiwa na fanaka. Yaani haraka haraka haina baraka, karibu neno kwa neno! Ndiyo maana nasikitika ninapoona vitabu vya mazoezi vikiziweka methali hizi mbili bega kwa bega bila kueleza zinakutania wapi.

Maana hiyo ya zamani bado inaishi ndani ya “Godspeed”. Kijana akiagwa kwenda kusoma ng’ambo, neno hilo hujaa kwenye kundi la WhatsApp la familia. Ukilitafsiri kuwa “kasi ya Mungu” umeharibu. Linaombea heri: Mungu akufanikishe, Mungu akujalie safari njema.

Maneno mengine ya kasi nayo yalianzia kwingine. “Fast” ilikuwa imara, kitu kilichoshikamana kisichotikisika, na bado unaiona katika “hold fast”. “Quick” nayo ilikuwa hai. Ukikata kucha ukapitiliza hadi penye nyama inayouma, hapo ndipo Mwingereza huita “the quick”, sehemu iliyo hai. Kwa hiyo Kanuni ya Imani ya Kiingereza cha zamani inaposema Kristo atawahukumu “the quick and the dead”, haizungumzii wepesi wa mtu yeyote. Waumini wetu husema wazima na wafu.

Yapo pia maneno yaliyopoteza haraka yake. “Soon” ilikuwa papo hapo. “Presently” vilevile, ingawa sisi Kenya tunaitumia kwa maana ya kwa sasa, na Waingereza wengi kwa maana ya baada ya muda mfupi. Linalonitia wasiwasi zaidi ni “by and by”, kwa sababu humtega hata mfasiri mzoefu. Katika Biblia ya King James ya mwaka 1611, Marko 6:25, binti wa Herodia anataka apewe kichwa cha Yohana Mbatizaji “by and by”. Ukisoma kwa Kiingereza cha leo utadhani yuko tayari kungoja. Hangoji hata kidogo: ameingia mbio kwa mfalme, na anakitaka sasa hivi, juu ya sinia.

Nikipewa matini ya karne hizo, huanza kwa kutazama mwaka ilipoandikwa, ndipo nifungue kamusi yenye historia ya maneno. Kamusi ndogo ya mfukoni hainifai hapo.