Kulaza risiva na kutia nguzo kwenye kitako cha bunduki

Bunduki ya bolti ni chuma kilichofungwa kwenye mti. Chuma ni mtutu pamoja na risiva, yaani mwili ambamo bolti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani ya mtutu, inaingia na kutoka. Mti ni kitako, kilichochongwa mfereji ambamo risiva inakaa, kisha skrubu mbili zinapanda kutoka chini na kuvibana pamoja. Kulaza risiva ni kutandika epoksi, gundi ya kuchanganya inayoganda ngumu, ndani ya mfereji huo ili ichukue umbo kamili la chuma. Kutia nguzo ni kupachika vibomba vya alumini au chuma kwenye matundu ya skrubu. Wengi huzichanganya kazi hizi, lakini kila moja inatibu ugonjwa wake: nguzo inazuia mti usibonyee, epoksi inazuia risiva isicheze.

Pwani ugonjwa huu unajionyesha haraka, kwa sababu mti haukomi kunywa unyevu na kuutoa. Kitako kilichokaa Tanga masika yote kimevimba. Kikipelekwa Handeni wakati wa kiangazi kinanywea, na skrubu zinalegea bila kuguswa na mtu. Ukizikaza tena mti unabonyea zaidi, risiva inahama kidogo, na risasi zilizokuwa zinapiga katikati ya shabaha zinaanza kupiga pembeni. Mninga hauchezi sana, na msaji wa Longuza, shamba la misaji kule Muheza, umetulia pia, lakini hakuna mti usiobonyea chini ya skrubu. Watengenezaji wa Mauser 98, bunduki ya bolti ya Kijerumani, walilijua hilo: skrubu yake ya nyuma ina kibomba cha chuma tangu kiwandani.

Nguzo ya kawaida ina kipenyo cha nje cha mm 14 hivi na tundu la mm 8, kwa skrubu ya robo inchi. Skrubu isiguse ukuta wa tundu hata kidogo, maana ikigusa ndiyo itakayopokea teke la bunduki inapofyatuliwa. Kinachosumbua zaidi ni urefu. Nguzo ikiwa fupi, kisanduku cha risasi kinabanwa kati ya risiva na bamba la chini, na skrubu zinaishia kukaza kisanduku badala ya nguzo. Ikiwa ndefu, kisanduku kinacheza na risasi hazipandi sawasawa. Pima nafasi ya asili kabla ya kukata chochote. Kama risiva ni ya mviringo, kichwa cha nguzo kichongwe kufuata mviringo huo.

Kazi yenyewe ni ya fundi mwenye leseni, bunduki ikiwa haina risasi na bolti imetolewa.

Chonga mm 2 hadi 3 za mti chini ya risiva na nyuma ya jino, lile pande nene la chini upande wa mbele linalopokea teke. Kingo za juu ziache kama zilivyo. Futa mti kwa asetoni, hasa msaji, kwa kuwa una mafuta na epoksi haishiki juu yake. Bandika tepu mbele, pembeni na chini ya jino, lakini uso wake wa nyuma uache wazi: huo ndio unaosukuma mti risasi inapotoka, na lazima ukae barabara. Paka chuma chote Kiwi ya viatu isiyo na rangi, mara mbili, kisha ziba kila tundu na kila pengo kwa udongo wa kuchezea watoto. Tundu moja dogo la pini likisahaulika, epoksi inaingia, inaganda, na risiva haitoki. Hilo likitokea, weka bunduki kwenye friza saa chache ili chuma kinywee, kisha gonga mtutu kwa nyundo ya mpira.

Muda wa kazi ulioandikwa kwenye kopo la epoksi kwa kawaida umepimwa kwenye nyuzi 25 au chini yake. Kwenye joto la nyuzi 33 uhesabu karibu nusu. Changanya taratibu na uitandaze juu ya kigae, maana ikirundikana kwenye kikombe inajichemsha yenyewe.

Tandika epoksi kwenye mfereji, shusha risiva juu yake, futa epoksi inayochuruzika kwa kitambaa chenye siki, na uifunge risiva kwenye kitako kwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Usiikaze kwa skrubu: zitaipinda, na epoksi itagandia kwenye pindo hilo. Iache saa 24, kisha itoe.

Kitanda kizuri cha epoksi kinang'aa, na alama za mashine zilizo kwenye chuma zinaonekana juu yake mstari kwa mstari. Vitundu vya ncha ya sindano havina madhara. Pengo la ukubwa wa punje ya mchele nyuma ya jino lijazwe upya.

Mwisho kaza skrubu kwa nyutoni-mita 7. Mtutu usiguse kitako: noti ya elfu kumi ipite chini yake kutoka mdomoni hadi karibu na risiva bila kukwama. Kisha funga saa ya kupimia, kile kipimo chenye mshale kinachoonyesha msogeo mdogo, kwenye mtutu, ncha yake iguse kitako, na ulegeze skrubu ya mbele. Mshale ukisogea zaidi ya mm 0.05, skrubu bado zinaipinda risiva. Anza kwa kukagua kama chini ya jino kuna epoksi inayoligusa.