Goti si baridi wala si kavu: dhana potofu kuhusu ostioathraitisi

Jina lenyewe limetupoteza. Maumivu ya viungo, yakiwemo ya ostioathraitisi, ugonjwa unaoharibu viungo kama goti polepole, tunayaita baridi yabisi, na yabisi maana yake ni kavu. Ni urithi wa utabibu wa kale, uliogawa maradhi kwa joto na baridi, unyevu na ukavu. Hapa Bombo, Uganda, nafanya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na wengi wanaokuja kwangu ni wastaafu wa jeshi na akina mama wa Kinubi wanaosuka vikapu. Sentensi ninayoisikia kuliko zote ni hii: "Mwanangu, goti limeingiwa na baridi, mafuta yameisha."

Nami humwomba mama anyooshe mguu, kisha nambonyeza pembeni mwa pia ya goti. Mara nyingi majimaji huhama chini ya kidole changu hadi upande wa pili. Goti hilo halijakauka, limejaa. Ni kweli kwamba ute wa kiungo hupungua ubora katika ugonjwa huu: unakuwa mwepesi na hautelezeshi vizuri kama zamani. Lakini mafuta ya kuisha, kama ya injini, hayapo. Utando unaozunguka kiungo ndio unaotengeneza ute huo, na utando ukichokozwa humwaga majimaji kupita kiasi.

Unachokozwa na nini? Hapa ndipo ningependa msomaji atulie kidogo, kwa sababu dhana nyingine zote huanguka zenyewe mtu akishaelewa jambo hili.

Seli za mwili hutumiana ujumbe kwa protini ndogo ziitwazo saitokaini. Gegedu, ile tabaka imara yenye uso wa kuteleza inayofunika ncha za mifupa, ikimeguka kwa jeraha au kwa mzigo wa miaka mingi, vipande vyake huelea ndani ya ute. Seli za ulinzi zilizo kwenye utando huvipokea kama dalili ya uharibifu, nazo hutoa saitokaini, zikiwemo intalukini-1 na TNF. Huo ndio mchochota: mwili unajibu jeraha. Ujumbe ukizifikia seli za gegedu, seli hizo hupunguza kujenga na kuanza kutoa vimeng'enya, yaani protini zinazokatakata nyingine. Kolajenesi hukata kolajeni, nyuzi zinazoipa gegedu nguvu. Agrikanesi hukata agrikani, protini inayoshikilia maji ili gegedu ihimili uzito. Vipande vipya humeguka, utando huchokozwa tena, na mzunguko unaendelea. Kwa hiyo anayeibomoa nyumba ni mwenye nyumba mwenyewe, kwa amri aliyoletewa mlangoni.

Ndiyo maana sikubali mtu aambiwe kwamba goti lake "limelika kama tairi la boda boda". Tairi halina seli hai. Umri unachangia, urithi unachangia, na kijana aliyekatika kano ya goti uwanjani anaweza kuupata ugonjwa huu mapema kuliko wenzake. Ila kiungo si kitu kinachosuguliwa tu. Kinahisi na kinajibu.

Na baridi? Wapo wagonjwa wanaoumia zaidi asubuhi za mvua, nami nawaamini. Lakini kuoga maji ya baridi au kuishi Kabale, kwenye milima ya baridi, hakuli gegedu ya mtu.

Kuhusu uzito, karibu kila mtu anajua kwamba mwili mzito unaelemea magoti. Watafiti nchini Marekani walipima wakakuta kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne hivi kwa kila hatua. Lakini mbona watu wanene hupata ostioathraitisi ya vidole vya mikono pia, na hakuna anayetembelea mikono? Jibu moja ni kwamba mafuta ya mwili nayo yanatuma ujumbe. Yanatoa leptini, intalukini-6 na vingine vinavyosafiri kwenye damu. Hata ndani ya goti, chini ya pia, kuna kifuko cha mafuta kinachotoa kemikali kama hizo jirani kabisa na gegedu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, watu wazima 454 wenye uzito mkubwa na maumivu ya goti walifuatiliwa kwa miezi 18. Waliochanganya mlo wa kupunguza uzito na mazoezi waliumwa kidogo kuliko waliofanya mazoezi peke yake, na kiwango chao cha intalukini-6 kilishuka zaidi.

"Pumzisha goti, usilichoshe." Ushauri huu hutolewa kwa upendo, na unadhuru sana. Gegedu haina mishipa ya damu. Inapata chakula chake kutoka kwenye ute, inapokandamizwa na kuachiliwa, yaani mtu anapotembea. Mwendo wa kiasi pia hutuliza ujumbe wa mchochota ndani ya seli zake. Mama aliyekaa mwezi mzima kwenye mkeka hupoteza misuli ya paja, na bila misuli hiyo kila hatua inagonga kiungo moja kwa moja.

Akina mama huniuliza pia kama kupiga magoti kusalimia, kama ilivyo desturi ya hapa Buganda, ndiko kulikowaumiza. Kupiga magoti saa nyingi kila siku, shambani au kazini, kunaongeza hatari. Salamu ya dakika moja sidhani. Kinachowauma zaidi, naona, ni aibu ya kushindwa kupiga magoti mbele ya mkwe. Nawaambia wakwe nao waelezwe hali ya goti.

Sasa dawa. Diklofenaki na ibuprofeni huzuia utengenezaji wa prostaglandini, kemikali inayofanya mishipa ya fahamu ihisi maumivu kwa ukali. Maumivu yanapungua kweli. Lakini kukatwa kwa gegedu hakukomi, na zikimezwa miezi mfululizo zinaweza kutoboa tumbo, kupandisha presha na kuharibu figo. Hatari zaidi ni vile vidonge vya kuchanganywa vinavyotolewa kwenye bahasha ndogo isiyo na jina la dawa. Mgonjwa wangu mmoja alikuwa akivitumia mwaka mzima, akivisifu, hadi uso ukamvimba na sukari ikapanda. Ndani mlikuwa na steroidi. Steroidi hunyamazisha saitokaini kwa kishindo, ndiyo maana siku ya tatu mtu anacheza. Baadaye mifupa hudhoofika, na akiziacha ghafla anaweza kuzimia. Sindano ya steroidi gotini nayo si ya kurudiwa ovyo: utafiti wa mwaka 2017, wenye wagonjwa 140 waliochomwa kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili, ulikuta waliopewa steroidi walipoteza gegedu zaidi ya waliopewa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakuwa nafuu zaidi.

Basi kwa nini isitengenezwe dawa ya kuziba mdomo wa saitokaini moja? Zipo, na zimewafaa sana wagonjwa wa rumatoidi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo. Kwenye ostioathraitisi zimevunja moyo. Anakinra, inayozuia intalukini-1, ilichomwa gotini katika jaribio lililochapishwa mwaka 2009, isiishinde sindano ya kulinganishia isiyo na dawa ndani. Wajumbe ni wengi, mmoja akizuiwa mwingine hupita. Ndiyo maana mtu akikuuzia dawa anayosema "inamaliza" ostioathraitisi, mwulize inazuia nini, kisha ondoka na pesa zako.

Lakini goti likivimba ghafla usiku mmoja, likawa jekundu na la moto, na homa juu yake, hiyo si ostioathraitisi ya kusubiria. Huenda ni vijidudu ndani ya kiungo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.